Parokia ya kijijini ikibaki bila paroko: mwongozo kwa halmashauri, wakatekista na wakubwa wa mashirika

Gari lililomchukua paroko wetu liliondoka saa nne asubuhi, siku ya Jumanne. Saa sita mchana mama mmoja alikuwa tayari ameketi kwenye ngazi za nyumba ya mapadri, mtoto mgongoni, anaomba hati ya ubatizo ya binti yake mkubwa aliyekuwa anaolewa Bukavu mjini. Mimi nilikuwa katibu wa halmashauri ya parokia. Kitabu nilijua kilipo, muhuri nilijua ulipo, na jina la binti nililiona kwa macho yangu kwenye ukurasa. Lakini nani atie sahihi? Padri alikaa nasi miaka saba, na hakuna kati yetu aliyewahi kumwuliza swali hilo.

Tulikaa miezi kumi na minne bila paroko, huku milimani, mwendo wa nusu siku kutoka mjini wakati wa mvua. Nyimbo hazikukatika. Rozari haikukatika. Mashirika, yaani jumuiya ndogo za Wakristo, yalikutana kila wiki kama kawaida. Kilichotaka kutuponyoka ni vitabu, fedha, funguo na mipaka ya shamba. Ndiyo maana katika mwongozo huu nitakaa sana kwenye hayo. Watu wetu wanajua kusali, hilo sina shaka nalo. Ninalotaka ni kwamba paroko mpya akifika, kila mlichokifanya kiweze kuwekwa juu ya meza moja mbele yake, na yeye akisome bila kuhitaji mtu wa kumfafanulia.

Kwanza: jueni nani ana mamlaka leo

Parokia haibaki bila mwenyewe hata siku moja, ingawa kwa macho inaonekana hivyo. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 imeeleza wazi. Paroko akiondoka, akifariki au akishindwa kazi kwa ugonjwa, Askofu anamteua padri msimamizi wa parokia mapema iwezekanavyo (kanuni ya 539). Kabla msimamizi hajateuliwa, padri msaidizi ndiye anayeshika uongozi. Wakiwa wawili, ni yule aliyeteuliwa mbele ya mwenzake (kanuni ya 541). Na huyo anayeshika lazima amjulishe Askofu mara moja kwamba parokia iko wazi.

Parokia nyingi za milimani hazina padri msaidizi. Basi msikae mkingoja habari zipande mlima zenyewe. Siku ileile tumeni watu wawili, mmoja wa halmashauri na mkatekista mkuu, waende kwa padri dekano, yule anayesimamia parokia za eneo lenu, na barua fupi: paroko ameondoka tarehe fulani, vitu viko salama, tunaomba kujua tumtii nani. Dekano anahusika hapa kwa sheria. Kanuni ya 555 inamtaka ahakikishe kwamba paroko wa eneo lake akiugua au akifa, vitabu, hati na vyombo vitakatifu havipotei wala kuchukuliwa. Kwa hiyo mkimwomba aje kushuhudia orodha ya vitu, mnamwomba afanye kazi yake. Msione haya.

Rudini na jina la msimamizi likiwa limeandikwa kwenye karatasi, pamoja na namba yake ya simu. Karatasi hiyo isomwe Jumapili katika kila sukursali, yaani kila kigango cha parokia. Sisi tulichelewa wiki tatu kuisoma. Katika wiki hizo tatu watu wawili walikwisha kujiita wasimamizi, na mmoja wao alikwisha kuahidi mtu kibanda kwenye uwanja wa kanisa.

Orodha ya vitu, kabla gari halijaondoka

Kama paroko anahamishwa, fanyeni orodha naye akiwa bado yupo. Najua ni vigumu. Mtu aliyewabatizia watoto na kuwazikia wazazi wenu, mnamwendeaje na kalamu kuhesabu viti? Lakini mpende kiasi cha kumfanyia hivyo. Padri wetu aliondoka kwa machozi na ngoma, tukaona aibu kuhesabu. Miezi miwili baadaye betri ya jua na pikipiki vikawa maneno: wengine walisema ni vya parokia, wengine ni vyake, zawadi ya marafiki zake. Yeye alikuwa mbali, jina lake likitajwa vibaya sokoni, na hakuwa na kosa lolote. Mstari mmoja wa maandishi ungemkinga.

Chukueni kaye (daftari) yenye karatasi nyingi. Gaweni ukurasa safu tatu: kitu, hali yake, mwenyewe. Katika safu ya tatu andikeni "parokia" au "padri", msiache wazi. Anzeni sakristia: kalisi, siborio, monstransi, kazula kwa rangi zake, vitabu vya Misa, vyombo vya mafuta matakatifu. Halafu nyumba: vitanda, sufuria, paneli za jua, jenereta, pikipiki na karatasi zake. Kisha ghala, hata kama ni magunia mawili ya maharagwe. Malizieni nje: ng'ombe, mbuzi, mikalitusi, mabati na simenti iliyobaki. Paroko, mwenyekiti wa halmashauri na dekano watie sahihi nakala tatu: moja ibaki, moja iende kwa msimamizi, moja iende kuria, ofisi ya Askofu, Bukavu.

Funguo zihesabiwe hivyohivyo. Andikeni nani ana upi. Ufunguo wa tabernakulo, kisanduku cha kutunzia Ekaristi, una habari yake peke yake: sheria inadai ulindwe kwa uangalifu mkubwa kabisa, kwa hiyo usining'inie kwenye msumari wa sakristia wala usizunguke mifukoni mwa watumikiaji. Apewe mhudumu wa Ekaristi aliyeidhinishwa, na mtu mmoja tu zaidi ajue ulipo.

Vitabu

Hapa ningependa mnisikilize kuliko mahali pengine popote.

Kitabu cha ubatizo si kumbukumbu ya kanisa tu. Katika milima yetu, ambako nyumba zimechomwa na watu wamekimbia mara kadhaa tangu miaka ya 1990, kuna watu ambao karatasi pekee duniani inayosema walizaliwa lini na nani ni mama yao ni ule mstari mmoja. Nimemwona mzee wa miaka sabini akishika ukurasa kwa vidole viwili, haugusi wino, anatazama jina la baba yake lililoandikwa na mmisionari kwa mwandiko wa kulala. Aliomba nimsomee mara mbili.

Kila parokia ina kitabu cha ubatizo, cha ndoa na cha marehemu (kanuni ya 535). Pembeni mwa jina la mbatizwa huongezwa baadaye kipaimara, ndoa, upadri au nadhiri za kitawa. Safu hiyo ya pembeni ndiyo inayoonyesha kama mtu yuko huru kuoa au la. Kwa hiyo:

Mtu mmoja tu aandike, kwa wino mweusi au wa buluu, mwandiko wa kusomeka. Namba zifuatane bila kuruka. Mkikosea, pigeni mstari mmoja juu ya kosa, andikeni sahihi kando, wekeni tarehe. Msifute kwa wembe, msibandike karatasi. Kitabu kisitoke nje ya ofisi, hata akikiomba mkubwa wa kijiji. Mvua zetu huanza Septemba na kukaa hadi Mei, na unyevu hula karatasi kimyakimya: wekeni vitabu ndani ya sanduku la bati, juu ya matofali, mbali na ukuta, na wakati wa kiangazi vifungueni kivulini saa chache vipate hewa. Piga picha kila ukurasa kwa simu, tuma kwa msimamizi. Kazi hiyo ilituchukua siku mbili tukiwa vijana wanne wa Xaveri, chama cha vijana Wakatoliki, na mimi, na ndiyo kazi ninayojivunia kuliko zote katika miezi ile.

Kuhusu hati: sahihi ni ya paroko au ya mtu aliyemkabidhi kazi hiyo, pamoja na muhuri wa parokia. Katibu hana mamlaka ya kutia sahihi kwa sababu tu anajua kuandika. Ombeni msimamizi atoe idhini kwa maandishi kwa mtu mmoja, au akubali kutia sahihi hati zote siku anapokuja. Mama yule wa ngazini alisubiri wiki tatu. Nilimwandikia kwenye karatasi jina la binti, namba ya mstari na ukurasa, akaipeleka mwenyewe kwa msimamizi, akapata hati. Tangu siku hiyo kila Jumapili tulikusanya maombi ya hati kwenye bahasha, na bahasha ikashuka na pikipiki ya kwanza. Muhuri wenyewe ufungiwe kwenye sanduku lingine, sio pamoja na vitabu.

Fedha

Kila parokia inatakiwa kuwa na kamati ya fedha (kanuni ya 537). Kama yenu ni majina tu yaliyobandikwa ukutani, iamsheni wiki ya kwanza.

Sadaka ihesabiwe baada tu ya ibada, ndani ya kanisa, mlango ukiwa wazi, na watu watatu wasio wa nyumba moja. Tandikeni kitenge mezani. Noti za franka mia na mia mbili zikija zimekunjamana, zinyosheni moja moja. Dola tengeni kando na zitazameni vizuri, maana iliyochanika hata kidogo haipokelewi popote. Mmoja anahesabu, wa pili anarudia, wa tatu anaandika. Wote watatu wanatia sahihi kabla fedha hazijainuliwa mezani. Jumapili inayofuata jumla isomwe kwa sauti, na matumizi pia. Mkisema "tulipata franka 64,500, tukanunua hostia na mishumaa 18,000, mafuta ya pikipiki ya padri 20,000, kilichobaki 26,500", wazee watatikisa kichwa na maneno ya sokoni yatapungua.

Fedha za nia za Misa zisichanganywe na sadaka. Mtu akitoa kitu ili marehemu mama yake aombewe, deni hilo litalipwa na Misa, na Misa inahitaji padri. Wekeni bahasha yake, na kaye yake yenye jina, nia na tarehe. Padri anapokuja, mpeni nia na fedha zake pamoja, atie sahihi. Kaye ikianza kujaa kuliko Misa mnazoweza kupata, acheni kupokea, waambieni watu ukweli.

Mahali pa kutunza ni swali gumu sasa. Tangu mwanzo wa 2025, mabenki ya Goma na Bukavu yalipofunga milango, parokia nyingi zimeegemea fedha za simu. Msiweke fedha za kanisa kwenye simu ya mtu binafsi kana kwamba ni zake. Mkilazimika, laini iwe ya parokia, namba ya siri ijulikane na mweka hazina peke yake, simu yenyewe ikae kwa mtu mwingine, na ujumbe wa kila muamala uandikwe kwenye kaye siku ileile. Kiasi kikubwa kipelekeni kwa msimamizi, mchukue stakabadhi.

Wakuu wa shule na wauguzi wa kituo cha afya watakuja pia, maana walizoea sahihi ya paroko. Shule za mkataba, yaani za serikali zinazoendeshwa na Kanisa, zina ofisi yao ya uratibu wa shule za Kikatoliki, na vituo vya afya vina ofisi ya jimbo ya kazi za afya. Waelekezeni huko kwa upole. Halmashauri isitie sahihi orodha ya walimu wala stoo ya dawa.

Jumapili bila padri

Kanuni ya 1248 inawahimiza waamini wasio na padri washiriki liturujia ya Neno kanisani, au wasali katika familia au vikundi vya familia. Roma ilitoa mwongozo wake juu ya ibada hizo tarehe 2 Juni 1988. Wakatekista wetu wengi waliziongoza tangu enzi za babu zetu, hawana la kujifunza juu ya moyo wa kusali. Lakini kuna mipaka, na mipaka hiyo inalinda imani ya watoto, wasije wakakua wakidhani hii ndiyo Misa.

Anayeongoza hakai kwenye kiti cha padri. Anakaa mahali pengine panapoonekana. Hasemi "Bwana awe nanyi", wala hatoi baraka kwa kunyoosha mikono juu ya watu. Anasema "Bwana atubariki" na kujiwekea alama ya msalaba pamoja nao. Altare haitumiki mpaka wakati wa komunyo. Sala ya Ekaristi haisomwi hata kipande, hata kwa nia njema. Masomo ni yaleyale ya Jumapili hiyo. Mahubiri ni bora yawe yale aliyoandika padri. Mwombeni msimamizi awatumie ujumbe wa sauti Ijumaa, mkatekista auandike na kuusoma. Asipopatikana, mkatekista aliyepewa idhini aeleze Injili kwa dakika kumi. Mimi nimesikia dakika hamsini, na nimeona mama wanaonyonyesha wakitoka mmoja mmoja.

Komunyo inatolewa tu kama kuna hostia zilizowekwa wakfu na mhudumu aliyeidhinishwa. Hesabuni kabla: mkiona zimebaki themanini na watu ni mia tatu, zimegwe. Na kumbukeni kwamba mahali panapotunzwa Ekaristi, sheria inataka padri aadhimishe Misa angalau mara mbili kwa mwezi inapowezekana (kanuni ya 934). Ndiyo hoja yenu nzuri kuliko zote mnapomwomba dekano padri wa kuja. Ikiwa hakuna atakayekuja kwa muda mrefu, mwombeni msimamizi aamue kuhusu tabernakulo. Msiamue wenyewe.

Siku padri mgeni anapokuja

Siku hiyo moja inabeba mwezi mzima, kwa hiyo itayarishwe wiki mbili kabla. Mtumieni fedha ya mafuta mapema, sio "tutakupa ukifika". Kijana mmoja ampokee pale lami inapoishia, maana kuna mahali pikipiki haipiti hadi isukumwe na watatu. Andaeni maji ya kuoga na bugali ya moto kabla hamjamwonyesha karatasi yoyote.

Halafu mpangieni hivi: maungamo jioni kabla ya Misa, ili asubuhi asizingirwe. Wagonjwa waorodheshwe kwa njia, sio kwa cheo: walio kando ya njia moja watembelewe pamoja. Mpako wa wagonjwa ni kazi ya padri peke yake, hivyo orodha hiyo isikose hata mmoja. Hostia za kutosha hadi safari ijayo ziwekwe mezani, zimehesabiwa. Baada ya Misa, nusu saa ya makaratasi: hati, nia za Misa, maandishi ya ubatizo. Mzunguko wa sukursali upangwe kwa miezi mitatu na ubandikwe, ili sukursali ya mbali kabisa isiwe kila mara ya mwisho. Yetu ya mbali ilisubiri miezi mitano. Sijasahau jinsi walivyotupokea kwa kimya.

Kuzaliwa, ndoa na kifo

Mtoto aliye hatarini kufa abatizwe na yeyote, hata muuguzi usiku wa manane: maji yamiminwe juu ya kichwa, na aseme, akitaja jina la mtoto, "nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Halafu aje aseme tarehe, saa, jina la shahidi, nanyi mwandike. Mtoto akipona, padri atakamilisha ibada nyingine, lakini habatizwi tena. Wafundisheni wakunga na wauguzi maneno haya wiki ya kwanza.

Mazishi yanaongozwa na mkatekista aliyekabidhiwa, kwa sala za kitabu. Msimwache marehemu bila sala kwa sababu hamna padri, na msiahidi familia Misa mtakayoshindwa kuipata.

Ndoa inahitaji tahadhari kuliko yote. Padri mgeni, hata awe na miaka arobaini ya upadri, hawezi kufungisha ndoa halali katika parokia isiyo yake bila idhini ya msimamizi au ya Askofu. Ndoa iliyofungwa bila idhini hiyo si halali, na wenyewe watakuja kujua baadaye, wakiwa na watoto wanne. Basi kabla ng'ombe hajachinjwa na kasiksi, pombe ya ndizi, haijachachuka, kuweni na idhini iliyoandikwa, inayomtaja padri na wachumba kwa majina. Matangazo ya ndoa na mafundisho yanaendelea kama kawaida.

Yasiyowahusu

Padri msimamizi mwenyewe amekatazwa kufanya jambo litakaloumiza haki za paroko au kudhuru mali ya parokia (kanuni ya 540). Kama yeye amekatazwa, sisi ni nani? Msiuze ardhi. Msikodishe uwanja. Msikate mikalitusi kwa ajili ya mbao, hata mnunuzi akija na dola mkononi. Msimwondoe mkatekista mliyekosana naye zamani. Msibadili mipaka ya mashirika. Paa likivuja, rekebisheni, msijenge jipya.

Mpaka wa shamba la kanisa utembelewe kila mwezi. Jirani anajua mmebaki peke yenu, na jembe husogea shubiri moja kwa msimu. Tulipanga salongo, kazi ya pamoja, Jumamosi ya kwanza ya mwezi: watu thelathini, panga na majembe, tunafyeka mstari wa mpaka toka jiwe hadi jiwe, na jirani tunamwalika aje atembee nasi. Aliyealikwa hawezi kusema hakuona.

Kuna watakaosema walei, yaani waamini wasio mapadri wala watawa, wanajipa ukubwa. Wajibuni bila hasira. Katika Kongo hii, Kardinali Malula aliwakabidhi walei parokia za Kinshasa katika miaka ya 1970, wakaitwa bakambi, wakiwa na utume kutoka kwa Askofu wao. Na jimbo letu la Bukavu linajua kungoja: Askofu Mkuu Munzihirwa aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996, na mrithi wake, Kataliko, aliteuliwa Machi 1997, kisha yeye naye akazuiwa Butembo kwa miezi kadhaa mwaka 2000. Mashirika yaliendelea kusali wakati wote huo. Tofauti ya mlei anayetumika na mlei anayejitwalia ni ile karatasi yenye jina la msimamizi mliyoisoma Jumapili ya kwanza.

Paroko mpya anapofika

Siku ya kwanza mwacheni alale. Ngoma ziwe, chakula kiwe, na mtu yeyote asimwendee na mashitaka ya mwenzake.

Siku ya tatu, kaeni naye mezani: msimamizi, mwenyekiti, mweka hazina, katibu. Msimamizi anatakiwa kumtolea hesabu, na makaratasi yenu ndiyo hesabu yenyewe. Wekeni orodha ya vitu, kaye ya sadaka, kaye ya nia za Misa pamoja na bahasha yake, vitabu vitatu, muhuri, funguo. Kila kitu akipokee kwa sahihi. Mwambieni na madeni, hasa madeni. Mpeni orodha ya wakatekista na simu zao, majina ya wagonjwa, na sukursali iliyongoja zaidi, ili aanzie huko.

Baada ya hapo katibu arudi nyumbani, lakini simu yake iwe wazi miezi mitatu. Paroko wetu alinipigia saa mbili usiku, siku ya tisa, akiuliza ni kwa nini mstari wa 212 kwenye kitabu cha ubatizo una tarehe mbili. Nilimwambia: mtoto alibatizwa na muuguzi usiku wa dhoruba, na tarehe ya pili ni siku padri alipokuja kumpaka krisma. Akaniambia mama wa mtoto yuko hapo mbele yake.